404 ni jibu, si ajali

Wenzangu mnaoandika maktaba za kuunganisha programu na API (njia ya programu kuomba data kwa seva) hapa Tanga, msiitie 404, msimbo wa seva wa kusema ulichoomba hakijapatikana, kapu moja na makosa mengine. Tuseme muuza samaki wa soko la Deep Sea anatafuta risiti namba 8812 na haipo. Seva imejibu, tena imejibu sawasawa: hakuna. Basi funksheni tafutaRisiti(8812) irudishe tupu (null), na skrini iandike "Risiti haijapatikana". Kurudiarudia ombi hilo ni kumlia bando bure.

Msimbo 500, yaani seva yenyewe imeharibikiwa, au mtandao kukatika ni habari nyingine kabisa. Hapo toa kosa, na kurudia kuna maana. Ukizigeuza nazo kuwa tupu, mtu ataambiwa malipo yake hayapo kumbe seva ndiyo imelala, naye atalipa mara ya pili. Hilo linaniuma kweli, maana ni pesa ya mtu.

Orodha isiyo na kitu irudi orodha tupu. Kufuta kilichokwisha kufutwa, hesabu kimefutwa.

Na angalieni: GitHub, tovuti ya kutunzia programu, hutoa 404 hata kwa hazina (mkusanyo wa faili za programu) ya faragha usiyoruhusiwa kuiona, kwa hiyo huko ujumbe useme "haipo, au huna ruhusa".