Bastola ndogo ya kubeba kwa kuficha: fedha yako ianzie wapi

Kabla hujaulizia bei ya bastola yoyote, tenga kwanza fedha ya ala (mfuko wa kubebea bastola kiunoni), mkanda mgumu wa suruali, magazini ya akiba (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) na risasi za mazoezi. Kitakachobaki ndicho cha bastola. Ninafundisha wanaoanza kulenga shabaha, na wengi wao hufika wakiwa wamefanya kinyume: fedha yote imeishia kwenye chuma, ala imenunuliwa ile laini ya kitambaa, na risasi ni boksi moja ambalo wanalionea huruma. Mtu huyo akiwa na bastola ya bei ya kati na risasi za kutosha atanishinda mimi baada ya muda. Akiwa na bastola ya kifahari isiyo na risasi hatamshinda mtu yeyote.

Sheria nitaigusa kwa ufupi kwa sababu kila nchi ina yake. Kibali cha kumiliki mara nyingi si kibali cha kubeba, na kubeba wazi huweza kuwa na masharti tofauti na kubeba kwa kuficha. Penginepo idadi ya risasi ndani ya magazini imewekewa kikomo. Hata aina ya risasi huweza kuwa na mipaka: Mexico, kwa mfano, risasi ya 9×19 (kipenyo milimita 9, ganda milimita 19) ni ya jeshi, raia haruhusiwi. Ujue hayo kabla ya kutoa fedha.

Tukija kwenye risasi, kama sheria inaruhusu, chukua 9×19. Ndiyo inayotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine za bastola, kwa hiyo mazoezi yake huwa nafuu. Usiichanganye na 9×17, ambayo wengi huiita .380: kipenyo ni karibu sawa, ganda ni fupi na nguvu ni ndogo. Za .40 na .45, zenye kipenyo kikubwa zaidi, zina teke zito zaidi (ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua) na ni ghali zaidi, na kwenye bastola ndogo sioni unachokipata cha kulipia tofauti hiyo.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo watu wanapopotea. Wanadhani ndogo kuliko zote ndiyo bora kuficha. Chukua Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008: ina takribani gramu 270, inazama mfukoni na kusahaulika. Lakini ukifyatua, uzito huo mdogo hauna cha kuzuia teke, vilengeo ni vidogo, na kidole cha mwisho hakina pa kushika. Mwanafunzi akipiga risasi chache tu anaanza kufumba macho kabla ya mlio. Upande wa pili kuna Glock 19, takribani gramu 600 ikiwa tupu na risasi 15 kwenye magazini, tamu sana kupiga ila inadai nguo pana na mkanda wa kweli.

Katikati ndipo ninapompeleka mtu mwenye fedha ya kuhesabu. Smith & Wesson M&P Shield ilitoka 2012 na Glock 43 ikafuata 2015, zote nyembamba, zenye risasi sita hadi nane. Halafu 2018 ikaja SIG P365 ikiwa na magazini ya risasi 10 ndani ya umbo dogo namna hiyohiyo, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo. Wapenda vitu vipya walihama. Ndiyo maana ukitaka nafuu, zile nyembamba za kabla ya hapo, zilizotumika kidogo, ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta. Taurus G2C na G3C nazo zinajulikana kwa bei ya chini zikiwa mpya, zenye risasi 12. Ni nene kidogo, basi zishike kwanza.

Na jambo moja wengi hawaliamini mpaka wajitazame kwenye kioo: kinachochomoza chini ya shati ni mpini. Mtutu uko ndani ya suruali, hauonekani na mtu. Ukitaka kupunguza, punguza urefu wa mpini, uache mtutu uwe na sentimita nane au tisa. Mtutu mfupi mno hupunguza kasi ya risasi na huongeza mlio na mwako.

Mimi nina vidole vifupi, kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni cha mkono. Hakikisha bastola ni tupu kwa macho na kwa kidole, ielekeze upande salama, kisha ishike hivi: mtutu unyooke sambamba na mfupa wa mkono. Ncha ya kidole cha shahada ifike katikati ya kifyatulio bila kugeuza kiganja. Isipofika, rudisha bastola kabatini hata kama bei inakubembeleza. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu. Kwenye bastola fupi springi yake huwa ngumu. Shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu na usukume mpini mbele kwa mkono mwingine. Ukibana kwa vidole viwili utashindwa bure. Mwenye mikono dhaifu aulizie Shield EZ, iliyoundwa makusudi slaidi yake ivutike kwa urahisi.

Rivolva ndogo (bastola ya silinda inayozunguka) kama Smith & Wesson 642 husifiwa sana kwa wanaoanza, na sikubaliani. Ina risasi tano, ni nyepesi, na kifyatulio chake ni kizito karibu mara mbili ya cha Glock. Ni silaha ya fundi iliyovaa sura ya silaha ya mwanafunzi.

Ukinunua iliyotumika, tazama ndani ya mtutu kwa tochi: utafute uvimbe, kutu, vishimo. Angalia nyufa kwenye fremu, midomo ya magazini iliyopinda, na skrubu zilizoparuzwa na fundi wa nyumbani. Kifyatulio kilichochezewa ili kiwe chepesi ni sababu tosha ya kuondoka. Bastola za zamani sana zisizo na kizuizi cha pini inayogonga risasi huweza kufyatuka zikianguka; hizo si za kubeba. Springi mpya ya slaidi ni kitu cha bei ndogo, ibadilishe tu.

Kisha ipige. Mimi huwa nataka risasi 200 za mazoezi bila kukwama, na angalau 50 za aina utakayobeba, ile yenye tundu kwenye ncha. Ikikwama, jaribu magazini nyingine kabla ya kulaumu bastola.

Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake usijifunge bastola ikitoka. Unaporudisha bastola, fanya polepole ukitazama, maana kamba ya koti au pindo la shati likiingia kwenye kifyatulio linakuwa kidole. Nyumbani ikae kwenye kisanduku chenye kufuli, watoto wawepo au wasiwepo.

Mwisho, iondoe risasi zote, ivae ndani ya nyumba jioni nzima. Kaa, inama ufunge viatu, inua mikono kuchukua kitu kabatini, ingia na utoke kwenye gari. Mpini ukijitokeza, badilisha pembe ya ala au isogeze nyuma kidogo ya nyonga, kisha ujaribu shati pana zaidi, kabla hujaanza kufikiria bastola ndogo kuliko hiyo.