Kupima metali nzito katika samaki wa Ziwa George, tangu mwaloni hadi hesabu

Juzi nilikaa siku tatu maabara na mdogo wangu anayesomea uvuvi. Alitaka kujua ngege (aina ya perege) wa Ziwa George, Uganda, wana shaba, zinki na risasi kiasi gani. Swali lake lina uzito: mgodi wa Kilembe ulichimba shaba tangu 1956 hadi 1982, mabaki yake yakaachwa bondeni mwa Mto Nyamwamba, na maji ya mto huo huishia ziwani. Namwandikia yeye, na yeyote atakayekuja nyuma yake.

Hatua ya 1: Samaki

Nunua Hamukungu au Kahendero, mialo ya ziwa hilo ambako wavuvi hushusha samaki, na wawe waliovuliwa asubuhi hiyo. Usichukue ngege peke yake, ongeza kambare na kamongo. Ngege hula mwani, ilhali kamongo hula konokono na samaki wadogo, na zebaki huzidi kwa anayekula wenzake. Andika urefu na uzito wa kila samaki.

Hatua ya 2: Kupasua

Chukua mnofu wa mgongoni, ini, figo na matamvua, kila kimoja mfuko wake. Shaba hujikusanya kwenye ini, kadimi (metali nyingine nzito) kwenye figo na ini, risasi kwenye mifupa na matamvua. Ukisaga samaki mzima hutajua mlaji anakula nini.

Hatua ya 3: Usafi

Hapa nilipoteza wiki mbili nilipoanza kazi hii. Kila samaki alitoka na zinki nyingi mno. Nikashuku maji, nikabadilisha asidi, nikalaumu mashine. Kumbe nilipasulia samaki juu ya meza ya bati pale mwaloni, na bati hupakwa zinki. Nilipoondoa meza, zinki ikapungua lakini haikuisha: iliyobaki ilitoka kwenye glavu za mpira zenye unga.

Kwa hiyo, mwaloni usipasue chochote. Mtie samaki mzima ndani ya mfuko safi wa plastiki kabla ya kumweka kwenye barafu, maji ya barafu yasimguse. Maabara pasulia juu ya ubao wa plastiki, kwa kisu cha kauri ukikipata, na glavu za plastiki zisizo na unga. Vyombo vyote viloweke kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha, suuza mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ayoni, kisha vipindue vikauke vyenyewe. Usivifute kwa kitambaa wala karatasi. Mimi natumia chupa za plastiki tu, za kioo nimeziacha.

Katika kila kundi weka sampuli tupu tatu: chupa zinazopitia asidi, moto na kichujio kama zingine, ila hazina samaki. Zikionyesha zinki, simama, tafuta chanzo, usiendelee kwa kutoa tu kiasi hicho kwenye matokeo ya samaki. Ukiweza, pima pia unga wa samaki wenye kiwango kinachojulikana, kama DORM-4 ya Kanada.

Hatua ya 4: Kuyeyusha

Kausha hadi uzito usibadilike, saga, pima gramu 0.5. Mililita 5 za asidi ya nitriki kali, acha usiku kucha, maana ini lina mafuta na hufura povu. Pasha nyuzi 95 hadi mchanganyiko uwe angavu, poza, dondosha hidrojeni peroksaidi taratibu, chuja, jaza hadi mililita 25. Fanya yote ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Sampuli ya zebaki usiikaushe kwa joto, itapotea. Ipime mbichi, kwa njia ya mvuke baridi.

Hatua ya 5: Hesabu

Mashine ikisoma risasi miligramu 0.02 kwa lita, zidisha kwa 25, gawanya kwa 0.5: ni miligramu 1.0 kwa kilo ya mnofu mkavu. Mdogo wangu alishtuka, kwani kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) ni 0.3. Lakini kikomo hicho ni cha samaki mbichi. Mnofu wake ulikuwa na maji asilimia 78, hivyo zidisha 1.0 kwa 0.22. Inabaki 0.22, chini ya kikomo. Andika kwenye kila jedwali: mkavu au mbichi. Wavuvi wa Hamukungu wanaishi kwa samaki huyo, na jedwali lisilosema hivyo linaweza kuwafungia soko bure.