Hesabu za kasi, umbali na muda: kwanza chora barabara

Kila Jumamosi jioni watoto wa majirani huja uani kwangu, hapa Katuba, Lubumbashi, na madaftari yao ya hesabu. Kanuni wote wanaijua: V (kasi) ni D (umbali) gawanya kwa T (muda), kama walivyoinakili ubaoni kwa Kifaransa. Na bado wanakosa. Nikifungua daftari, kosa nalikuta karibu kila mara kwenye muda.

Neno «saa» ndilo linalowaponza. «Alifika saa tatu» na «alitembea saa tatu» si kitu kimoja: la kwanza tunalisoma kwenye saa ya ukutani, la pili ni muda uliopita njiani. Kwa huo muda mimi nawaacha waseme «masaa», kama tunavyosema nyumbani, maana linawatenganishia mambo hayo mawili.

Kisha nawaambia wapige mstari mmoja, ndiyo barabara. Ncha hii waandike mahali na saa ya kuondoka, ncha ile mahali na saa ya kufika. Katikati wanaweka umbali na muda. Tuchukue basi linalotoka hapa Lubumbashi kwenda mji wa Likasi, kilometa 120. Limeondoka saa moja na nusu asubuhi, likafika saa tatu na dakika 10. Muda ni saa 1 na dakika 40. Hapo mtoto huandika 1,40, anagawanya, anapata kilometa 85,7 kwa saa. Si kweli, kwa sababu saa ina dakika 60, haina 100. Geuza zote ziwe dakika: 100. Kilometa 120 kwa dakika 100 ni kilometa 1,2 kila dakika. Zidisha kwa 60, unapata 72 kwa saa. Hii njia ya dakika naipenda kuliko zote, kwa kuwa mtoto anaona kila namba imetoka wapi.

Hesabu ya wastani inataka subira zaidi. Mwuza makala, yaani makaa, anatoka kijijini na baiskeli iliyosheheni magunia, kilometa 24 hadi mjini, kwa kasi ya 8. Anarudi baiskeli tupu, kwa 12. Kasi yake ya wastani ni ngapi? Wote hujibu 10. Nawauliza: njiani alikaa muda gani na mzigo, muda gani bila mzigo? Masaa 3 kwenda, masaa 2 kurudi. Aliteseka na mzigo kwa muda mrefu zaidi, basi ile 8 ina uzito kuliko 12. Jumla ya umbali ni 48, jumla ya muda ni 5; wastani ni 9,6. Usijumlishe kasi ukagawa kwa mbili, labda kama kila kasi ilidumu muda ule ule.

Magari yanayokutana ni mepesi ukishachora. Moja linatoka Lubumbashi kwa 60. Nusu saa baadaye lingine linatoka Likasi kwa 40. La kwanza limeshakula kilometa 30, zimebaki 90, na kila saa yanakaribiana kwa 100. Ni saa 0,9, yaani dakika 54. Hakikisha: la kwanza 30 na 54, la pili 36. Jumla 120.

Kwa wakubwa huwa nabakiza swali la ndege. Inaruka Lubumbashi saa nne asubuhi, inatua Kinshasa saa tano na robo, saa za kule. Tuseme umbali ni kilometa 1575. Anayegawa kwa saa 1 na robo anapata 1260, na ndege ya abiria haiendi hivyo. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: walipotua, saa zetu hapa zilisoma saa sita na robo. Muda ni masaa 2 na robo, kasi ni 700.