Kabla ya Kufungua Kompyuta Inayojizima kwa Joto

Usishike bisibisi kabla hujawa na hakika kwamba tatizo ni joto. Kompyuta hujizima pia kwa pawasaplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) iliyochoka au RAM (kumbukumbu ya muda) mbovu, na asiyepima huishia kusafisha mashine isiyo na hitilafu. Joto lina dalili zake: mashine huwaka vizuri ikiwa baridi, hufanya kazi kwa muda, feni huanza kuvuma, kasi hupungua, kisha hujizima. Ukiiwasha papo hapo, haidumu kama mwanzo. Lakini ikijizima mara tu mzigo wa kazi unapopanda, huku vipimo vya joto viko chini, ishuku pawasaplai kwanza.

Sakinisha programu ya kusoma vipimo, kama HWiNFO kwa Windows au lm-sensors kwa Linux, na uhakikishe vipimo vinahifadhiwa kwenye faili, kwa kuwa mashine ikizima ghafla yaliyokuwa kwenye skrini hupotea. Prosesa (chipu kuu za kompyuta) nyingi zikitulia huwa kati ya nyuzi 35 na 50 za Selsiasi. Zikifanya kazi nzito, 85 bado si hatari. Nyingi za sasa hujipunguza kasi zikikaribia 95 hadi 100, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Tukio namba 41 la Kernel-Power katika kumbukumbu za Windows linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Halitaji joto, na wengi hupotoshwa hapo.

Nakili mafaili yako muhimu mashine ikiwa bado inawaka.

Kisha jaribu yasiyohitaji kufungua chochote: iondoe kitandani au kwenye zulia, iweke juu ya meza ngumu, isogeze mbali na ukuta, angalia kama matundu ya hewa yamezibwa na vumbi. Vipimo vikishuka vya kutosha, ishia hapo. Kipozajoto, yaani kipande cha chuma kinachokalia prosesa na kuondoa joto lake, kikishanyanyuliwa, pesti (uji wa kupitisha joto) iliyo chini yake haifai tena, hivyo usikiguse kama huna pesti mpya mkononi.

Ukilazimika kukitoa, kusanya kila kitu kwanza: bisibisi zinazoenea skrubu zako, pesti, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichoacha nyuzi, brashi laini na kopo la hewa. Lishike kopo wima, la sivyo litatema kimiminika. Zuia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza, maana yakizungushwa kwa kasi kupita kiasi beringi huharibika. Achana na kifyonza vumbi cha nyumbani. Huzalisha umeme tuli unaoweza kuua vipande.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, kisha gusa chuma cha kasha. Kwenye kompyuta mpakato, chomoa betri kabla ya kingine chochote. Ikiwa imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi. Piga picha ya kila waya na skrubu. Pedi za joto (vipande laini vya kupitisha joto) zilizo juu ya chipu za kumbukumbu zipime unene kabla hujanunua nyingine: tofauti ya nusu milimita inatosha kuzuia kipozajoto kisiikalie chipu sawasawa.

Pesti iliyokauka hung'ang'ania. Washa mashine dakika chache ilainike, izime na kuichomoa tena, kisha zungusha kipozajoto taratibu huku na huku kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja, prosesa yenye pini inaweza kung'oka nacho. Pesti mpya ya kiasi cha punje ya mbaazi yatosha prosesa ya mezani. Chipu isiyo na kifuniko, kama ya kompyuta mpakato, ipake utando mwembamba unaofunika uso wote. Kaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo. Ondoa plastiki ya kinga kama kipozajoto ni kipya, na uhakikishe feni imechomekwa palipoandikwa CPU_FAN.

Rudia kazi nzito ileile uliyopimia mwanzoni. Nyuzi zikiruka kupita 90 ndani ya sekunde chache, kipozajoto hakijagusa vizuri: zima, safisha pesti, ufunge upya.