Kumnyoa mtoto mwenye usonji bila kumkamata kwa nguvu

Mtoto mwenye usonji (autism) akipiga mayowe kwenye kiti cha kinyozi, watu husema amedekezwa. Mara nyingi anaumia kweli. Mashine inavuma sikioni, mtetemo wake unapita kwenye fuvu, vinywele vinachoma shingoni, spiriti inanuka, na mtu asiyemjua anamgeuza kichwa. Hisi zinazopokea kupita kiasi zimo kwenye vigezo rasmi vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani vya kutambua usonji, tangu toleo la 2013. Shangazi akibisha, mwambie hivyo.

Kwanza tafuta kinachomkera, kimoja kimoja. Siku moja mchezee sauti ya mashine iliyorekodiwa kwenye simu, chini kabisa, akiwa kwenye michezo yake. Siku nyingine mfunge kitambaa shingoni, bila mashine. Siku nyingine pitisha brashi laini kisogoni. Akiziba masikio, shida ni sauti. Akijikuna shingo na kutaka kuvua shati, ni vinywele. Wapo ambao mashine haiwasumbui hata kidogo. Kinachowatia wazimu ni kile kitambaa kinachobana koo, na taulo laini la nyumbani linatosha kumaliza ugomvi.

Kama ni mashine, anza mazoezi wiki tatu kabla, dakika 5 kwa siku. Aishike ikiwa imezimwa. Kisha mguse nayo begani na kisogoni, bado imezimwa. Halafu iwashwe chumba cha pili, mlango wazi. Halafu chumba hichohicho, kwa mbali. Mwisho weka ubavu wa mashine inayovuma, si meno yake, kwenye kiganja, kisha begani, kisha kisogoni. Nyuma ya sikio pawe pa mwisho, maana mfupa wa pale hupeleka mtetemo moja kwa moja ndani. Usiende hatua inayofuata mpaka apitishe siku mbili mfululizo ametulia.

Kila mguso uwe na hesabu: moja hadi tano kwa sauti, mashine inaondoka, anapewa anachopenda papo hapo (kipande cha embe, video ya nusu dakika, chochote). Hapa ndipo wazazi wengi huharibu. Wakiona mtoto katulia, wanaunganisha sita, saba, hadi ishirini, na mtoto anajua sasa kwamba hesabu ya mama ni ya uongo. Kosa la pili ni kuondoa mashine pale tu anapolia. Anajifunza kwamba kilio ndicho swichi. Basi fanya hesabu iwe fupi kiasi kwamba inaisha kabla hajalia. Akilia katikati, isogeze mbali kidogo, malizia hesabu, ndipo uzime. Kesho rudi hatua moja nyuma.

Piga kwa simu picha nne: kiti chenyewe cha kinyozi huyo, mashine, beseni la kuogea, na zawadi. Zipange kwa mfuatano na umwonyeshe kila jioni, hata kama anaongea vizuri. Usimdanganye kwamba mnakwenda kununua soda. Atakubali mara moja, kisha hata njia ya dukani itakuwa vita.

Na kinyozi ongea naye mapema, mtoto akiwa hayupo. Chagua asubuhi ya katikati ya wiki. Epuka Jumamosi, mkesha wa Idd au Krismasi, na wiki ya kufungua shule. Mwombe azime redio, asitumie spiriti kichwani wala brashi ya poda, na aseme "nagusa" kabla ya kugusa. Mlipe ya vichwa viwili, kwa kuwa unachukua muda wa vichwa viwili. Safari ya kwanza mtoto aingie, akae kitini, ashuke, mwondoke.

Siku yenyewe mvike shati la vifungo, lisilovuliwa kwa kupitishia kichwani. Akae mapajani mwako, mgongo wake kifuani kwako. Mashine ivalishwe chanuo namba 2, linaloacha nywele za milimita 6 hivi. Kipara kinavutia wengi kwa kuwa kinakaa muda mrefu, lakini meno yakigusa ngozi joto na mtetemo huongezeka, na mashine ikishafanya kazi dakika kadhaa huwa ya moto. Kinyozi aipoze akiijaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Aanze kisogoni, apande utosini, amalizie pembeni. Kandokando ya masikio mkasi wenye ncha butu unatosha. Mkishindwa katikati, acheni. Kichwa kilichonyolewa nusu kinamaliziwa kesho bila hasara.

Watu watatu kumshika mikono na kichwa ni hatari: akijitupa, mashine inamkata, na safari ijayo ataanza kulia mlangoni. Kumnyoa usingizini nako sikushauri, kwani akishtuka anaweza kuanza kuogopa kulala.

Spiriti usiifute kabisa kwenye mpango, kwa sababu mashilingi (fangasi wa kichwani) huhama kwa mashine. Isafishe mashine ikiwa imezimwa, mtoto akiwa nje, na ingojeni ikauke. Mwenye uwezo anunue meno ya mashine ya mtoto wake peke yake aende nayo.

Kwa mabinti, shida huwa kitana na muda wa kukaa. Lowesha nywele, tia mafuta, tumia kitana cha meno mapana, anzia nchani huku umeshika shina ili ngozi isivutwe. Suka mistari mikubwa, dakika 15 kwa awamu, hata ikichukua siku mbili. Rasta ndefu za kuongezea ziache: uzito wake unavuta ngozi usiku kucha, naye hana namna ya kukwambia ila kuzing'oa.