Kumwandaa Mtoto Mdogo Kusoma kwa Michezo na Vitabu

Wazazi na walezi wengi wanaotaka kumwandaa mtoto wa miaka 2 hadi 5 kwa ajili ya kusoma hukimbilia herufi: hubandika chati ukutani, kisha humtaka mtoto aikariri kuanzia juu hadi chini. Chati haina ubaya, ila imetangulizwa mno. Kabla jicho halijatambua herufi, sikio linapaswa kuzoea kwamba neno hukatika vipande, na mtoto awe na hazina ya maneno ya kutosha ili yale atakayoyasoma baadaye yawe na maana kwake. Yote mawili hujengwa katika mazungumzo na michezo, bila meza wala kipindi cha masomo.

Anza na sikio. Kiswahili humrahisishia mtoto kazi hii, kwa kuwa irabu zake ni tano tu na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Pigeni makofi pamoja, kofi moja kwa kila silabi, mkianza na jina la mtoto mwenyewe, kisha majina ya vitu vilivyo karibu: ki-ko-mbe, m-la-ngo. Neno hilo la pili huwakwaza hata watu wazima, ambao hupiga makofi mawili na kusahau kwamba “m” hapo ni silabi kamili. Mtoto akizoea, mtamkie neno lililokatwa, “me… za”, aliunganishe mwenyewe. Baadaye mwulize kinachobaki ukiondoa “ki” katika “kitabu”, na usishangae akicheka kwa kugundua kwamba imebaki “tabu”. Mnapotafuta vitu vinavyoanza na sauti fulani, tamka sauti yenyewe, kwa mfano “sss”, badala ya jina la herufi, kwa sababu ni sauti ndizo atakazoziunganisha siku atakapoanza kusoma.

Kitabu nacho kina namna yake ya kusomwa. Mwaka 1988, mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu usomaji ambao mtoto hugeuzwa kuwa msimuliaji, naye mzazi akawa msikilizaji anayeuliza. Baada ya takriban mwezi mmoja, watoto waliosomewa hivyo walijieleza vizuri zaidi kuliko wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida. Utekelezaji wake si mgumu. Tuseme ukurasa una picha ya paka juu ya paa, na mtoto ananyoosha kidole na kusema, “Paka!” Usiishie kumsifu. Mjibu kwa sentensi iliyopanuka kidogo: “Ndiyo, paka mweusi amekwama juu ya paa. Unadhani atashukaje?” Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, maana mtoto huhitaji muda wa kutafuta maneno, na mtu mzima asiye na subira humjibia kabla hajafumbua kinywa. Akisema, “Ataruka,” rudia na uongeze: “Ataruka hadi chini, aangukie kwenye majani!” Maswali ya ndiyo au hapana yatumie kwa uchache, kwa kuwa hayamlazimu kutunga chochote.

Katika kurasa chache, si zote, pitisha kidole chini ya maneno unayoyasoma. Mtoto asiyejua kusoma hutazama picha karibu muda wote, na kidole chako ndicho kinachomwonyesha kwamba hadithi inatoka kwenye maandishi yanayokwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Akitaka kitabu kilekile jioni baada ya jioni, kubali hata kama kimekuchosha; marudio ndiyo yanayoyafanya maneno mapya yakae. Soma pia kwa lugha unayoimudu vizuri zaidi, kwani simulizi nono katika lugha ya nyumbani humfaa mtoto kuliko sentensi za kubahatisha katika lugha ya shuleni.

Maandishi yaingie kupitia mchezo. Watoto wanapocheza duka, wape karatasi na kalamu waandike orodha ya bidhaa. Wakicheza hospitali, daktari aandike dawa. Mistari iliyojikunja anayoichora mtoto ni maandishi kwake, kwa hiyo mwombe akusomee alichoandika, wala usimsahihishe. Herufi za jina lake huwa ndizo za kwanza kumvutia. Kuzigeuza herufi, kama kuandika “b” badala ya “d”, ni jambo la kawaida hadi karibu miaka 7.

Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Hata hivyo, mtoto aliyefikisha miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, kama “mama njoo”, au asiyegeuka anapoitwa, apelekwe kwa mhudumu wa afya mapema, na uwezo wake wa kusikia upimwe kwanza.