Mazoezi na sikoseli: pumzika kabla hujachoka

Wenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wengi tumekulia pembeni ya uwanja. Mchakamchaka hatukimbii, kwenye mpira kazi yetu kushika nguo za wenzetu, nyumbani nako mama anasema kaa chini we mtoto usije ukaumwa. Mtu anafika miaka 25, akipanda ngazi za ghorofa mbili tu anahema utadhani kakimbizwa, anasema ndo ugonjwa huo, kumbe nusu ni ugonjwa na nusu nyingine ni kukaa.

Mwili wetu unaruhusu mazoezi ila una masharti yake. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na sikoseli inaishi siku kama 120, ya kwetu siku 10 hadi 20 imeisha, ndo maana damu iko chini muda wote na uchovu hauishi. Halafu hizo chembe zikikosa oksijeni, au maji yakipungua mwilini, au baridi ikikupiga, zinajikunja na kuziba mishipa midogo, hapo ndo krisis, yale maumivu makali, inaanza. Kwa hiyo sheria ambayo ukiisahau nyingine zote hazina kazi ni hii, pumzika kabla hujachoka. Usisubiri kuhema. Anza na kunyoosha viungo taratibu, tembea dakika 10, kaa mbili tatu, kunywa maji, endelea. Mambo ya kocha kupiga kelele "raundi ya mwisho, acha uzembe" tuwaachie wenyewe.

Kabla hujaanza ongea na daktari wako wa kliniki akucheki damu. Na kama nyonga au bega linakusumbua mwambie, usiishie kumeza panadol, maana sikoseli inaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa hadi kikaanza kufa. Mwenye nyonga ya hivo kuruka kamba na kukimbia asahau kwanza, aulize anaruhusiwa nini.

Sasa maji. Hapa wengi tunadanganyana. Utasikia angalia rangi ya mkojo, ukiwa mweupe basi maji yako yapo sawa. Kwetu hiyo haiaminiki, figo zetu hazishiki maji vizuri, unaweza kukojoa mkojo mweupe kabisa huku mwili umekauka, na wengine una rangi ya chai kwa sababu ya chembe zinazovunjika hata kama wamekunywa ndoo. Usiangalie rangi, angalia chupa. Chukua ile ya lita moja na nusu, iishe kabla ya chakula cha mchana, ijaze tena iishe kabla ya kulala, hapo mtu mzima ana lita 3, labda daktari awe amekuwekea kiwango chake kwa sababu ya figo au moyo. Siku ya mazoezi ongeza. Bia na enaji sio maji.

Baridi nayo inakuja kwa njia usiyoitegemea. Dar kuna joto unajiona uko salama, unatoka jimu tisheti imelowa jasho, unapanda boda, upepo unakupiga kifuani mpaka nyumbani, usiku miguu inaanza kuuma. Beba tisheti kavu, badilisha pale pale, vaa sweta hata kama watu wanakushangaa. Wa Njombe na Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 fanyieni ndani tu jamani. Bahari sawa kukiwa na jua, ila ukitoka jifute na uvae haraka. Na ukitembea jioni kumbuka mbu, malaria kwetu sio ya mchezo.

Kuhusu moyo wa kuendelea, kinachotuua ni kupanga ratiba ya mtu mzima wa afya. Unaandika kila siku nusu saa, krisis inakuja, unalala wiki, ukiamka unaona umeharibu na unaacha. Panga siku za aina tatu. Siku nzuri, nusu saa yenye mapumziko ndani yake. Siku ya kawaida, mpaka dukani na kurudi. Siku mbaya, kitandani, zungusha vifundo vya miguu kama haviumi, vuta pumzi ndefu mara 10 kila masaa mawili ukiwa macho, hii inasaidia mapafu kufunguka pale mgongo na mbavu zinapouma unapumua juu juu. Zote tatu weka tiki kwenye kalenda, na tiki zifanane. Mimi sioni kwa nini siku mbaya iwe na tiki ndogo.

Ila homa ya 38 na kuendelea, kifua kubana, kupumua kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea, hapo hakuna cha tiki, ni hospitali muda huo huo.

Ukitoka wodini usianze ulipoishia. Anza nusu yake au hata robo, ongeza dakika mbili tatu kila wiki mwili ukikubali. Haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli, kama umeandikiwa endelea kumeza hata ukijiona fiti na usikwepe vipimo vyake vya damu, wengi wanaiacha pale pale inapoanza kuwasaidia.

Halafu mwenzako wa mazoezi ajue mapema. Mwambie tu, "Kaka mi nina sikoseli, nikikaa chini usiniinue, nipe maji."